Upinde Nilioruka

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi nilipouua upinde wa baba yangu. Nasema kuua kwa sababu ndilo neno la Koko, mama yake Papa, tuliyekuwa tukiishi naye. Kwao, katika vilima vya Fizi, upinde ukirukwa na mwanamke unakufa. Kamba haikatiki wala mti haupasuki. Unakufa tu, na mwenye upinde hajui mpaka mshale wake umkose mnyama aliyesimama wazi mbele yake.

Tulikuwa tukikaa Okolona, upande wa kusini wa Louisville, katika nyumba ya kupanga yenye banda la gari ambalo halikuwahi kuingia gari, maana lilijaa magunia ya mchele na masanduku ya watu wa kanisani waliohama bila kujua wanahamia wapi. Papa alifanya kazi kiwandani kule Jeffersontown. Huko alizoeana na mzungu mmoja, Mzee Roy, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi, aliyekuwa na shamba nje ya mji. Kulungu walikuwa wakimlia mahindi. Aliposikia kwamba Papa ametoka katika ukoo wa wawindaji, alimpa upinde wake wa zamani wa mbao, akamsaidia kupata leseni, kisha akampeleka msituni kumwonyesha kiti cha chuma alichokifunga juu ya mti ili kumngojea mnyama.

Papa alikitazama kile kiti, akashukuru, akakataa kupanda.

"Nyama iko chini, na mi niko chini," alituambia jioni ile. "Akinisikia na akikimbia, ile ni haki yake."

Mzee Roy alicheka mpaka akakohoa, lakini tangu siku ile alimheshimu.

Majira yote ya joto, kila Jumapili baada ya ibada, Papa alinichukua shambani kufanya mazoezi. Alinichongea upinde mdogo, tukajaza matambara katika gunia, tukalipiga mishale. Alinifundisha kuokota vumbi na kuliachia ili nione upepo unakwenda wapi, na kukanyaga kwa ukingo wa nje wa unyayo kwanza, kisha unyayo mzima. Nilikuwa na shabaha. Sijisifu, hata Mzee Roy alisema. Nami nilijua moyoni, bila mtu kuniahidi, kwamba msimu ukifunguliwa nitakwenda na Papa.

Msimu ukafunguliwa. Ijumaa jioni nilimkuta Papa anapaka kamba ya upinde nta, nikamuuliza tutatoka saa ngapi. Kabla hajajibu, Koko alijibu kutoka jikoni.

"Mtoto mwanamke hafuati upinde. Kucheza ni kucheza. Kuwinda ni ingine."

Nilimtazama Papa. Akainamia upinde wake, akasema taratibu, "Bon, ni vile, Faida. Ni desturi."

Nilikuwa mtoto wa shule ya Kimarekani. Nilimjibu kwa Kiingereza, maneno ambayo nashukuru Koko hakuyaelewa. Kisha, wote walipokwenda kula, niliingia katika banda la gari. Upinde ulikuwa umelazwa juu ya gunia la mchele. Niliushusha sakafuni, nikauruka. Nikaurudia, mara ya pili, mara ya tatu, kila mara nikizunguka ili nisije nikauruka kwa kurudi, kwa sababu nilijua vizuri kwamba kurudi kunafuta. Halafu nikaurudisha mahali pake na kwenda kula wali.

Jumamosi ya kwanza Papa alikosa. Ya pili alikosa tena, kulungu akiwa hatua kumi na tano tu kutoka kwenye gogo alilojificha nyuma yake. Nilikuwa na furaha mbaya, ile ya kuchekea ndani ya mto wa kulalia. Jumamosi ya tatu alirudi giza likiwa limeingia, suruali imelowa hadi magotini, na hakusalimia mtu. Mshale wake ulikuwa umempata kulungu bega, akakimbia nao. Papa alimfuata mpaka asione tena alama.

Koko aliacha kuchambua maharagwe. "Alienda na mshale?"

"Alienda nao."

Sikujua kwamba kuna sheria nyingine ndani ya ile sheria. Koko aliisema kwa sauti ndogo, akiyatazama maharagwe: mnyama akikimbia na mshale wa nyumba yako, anaita mtu wa nyumba yako.

Hatukuwa tumemaliza chakula simu ilipolia. Ilikuwa kutoka Columbus. Baba mdogo Etabo, mdogo wake Papa na mtoto wa mwisho wa Koko, alikuwa amegongwa na gari akivuka barabara kutoka kazini. Nyonga imevunjika, damu inavuja tumboni, madaktari wanampasua. Mkewe alikuwa akilia kwenye simu mpaka sisi sote mezani tulimsikia.

Sitaeleza usiku ule. Aliyewahi kuwa mtoto mwenye siri anaujua.

Alfajiri nilimkuta Koko amekaa kitandani pake, kitenge mabegani, akiomba. Koko hakujua Kiingereza hata cha kuomba chumvi. Mimi nilikuwa nimezoea kuongea Kiingereza nyumbani, hata wakubwa wakinisemesha kwa Kiswahili, lakini kosa langu ilinibidi nilitafutie maneno kwa Kiswahili, moja moja.

"Koko, mi ndiye niliruka upinde ya Papa."

Aliacha kuomba. Kisha akauliza, "Kwa kukosa ao kwa kusudi?"

"Kwa kusudi."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Nilingoja kofi. Nilingoja aite Papa. Koko alifunga kitenge chake vizuri, akanishika mkono, tukaenda katika banda la gari. Aliulaza upinde sakafuni mwenyewe, kwa shida, mkono mmoja kiunoni.

"Urudi," akasema. "Mara tatu. Na usicheke."

Nani angecheka? Niliruka nikirudi, mara tatu. Aliokota vumbi la sakafu pale miguu yangu iliposimama, akalipaka kwenye mti wa upinde kwa kidole gumba.

"Sasa utaenda na Papa kutafuta ile nyama. Mwenye aliruka lazima aione na macho yake. Ukiiona, usigeuze uso. Umesikia?"

"Nimesikia, Koko."

Aliniacha pale, akaingia jikoni Papa alikokuwa akifunga vitu vya safari ya Columbus, akausukuma mlango ukafungika. Waliongea Kibembe, lugha ambayo mimi naijua salamu zake tu. Nilimsikia Papa akipaza sauti. Papa hakuwahi kumpazia mama yake sauti. Nikajua: ameambiwa, na hasira ile ni yangu, Koko anaipokea kwa niaba yangu mpaka itulie. Papa alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alichukua upinde, akaniambia tu, "Vaa viatu vya mvua."

Njiani hakusema neno. Nami nilishukuru kwa ukimya ule, nikauhesabu kuwa msamaha.

Tulianzia pale alipopotezea alama. Papa alitafuta akiwa amesimama, mimi nikapiga magoti, na nadhani urefu wangu ndio uliotusaidia, kwa maana damu haikuwa juu ya majani, ilikuwa imepakazwa pembeni mwa nyasi, mahali ambapo mguu ulipita. Tone moja. Halafu, hatua nane mbele, jingine. Nilikuwa nikigusa kila tone kwa kijiti na Papa akisimama pale mpaka nipate linalofuata. Tulishuka hivyo mpaka kwenye kijito, tukavuka maji baridi ya kukata miguu.

Alikuwa amelala upande wa pili, chini ya mti ulioanguka. Jike kubwa. Kichwa kilikuwa juu. Alituona, akajaribu kuinuka, miguu ya mbele ikakataa.

Papa alivuta upinde. Niliona bega lake likipanda juu, na nikaomba Mungu wa kanisani na wale wa Koko wote kwa pamoja. Akalegeza kamba. Akapumua. Akavuta tena, na safari hii hakungoja. Nilisikia mlio wa kamba na kishindo kidogo, kama mtu anayepiga mto wa kulalia. Sikugeuza uso. Kulungu alilaza kichwa polepole, kama anayesinzia, na jicho lake likabaki linanitazama.

Papa alipiga magoti, akamwambia yule mnyama maneno ya Kibembe. Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka shingoni mwa kulungu. Palikuwa na joto. Nikaanza kulia, na Papa akaniacha nilie, akifuta mishale kwa nyasi.

Tulikuwa tukimburuta kuelekea barabarani simu ya Papa ilipolia. Alikuwa mama yangu kutoka nyumbani, akipiga kelele za furaha. Etabo ameamka. Ameulizia viatu vyake.

Naomba unielewe: tangu dakika ile na kwa miaka mingi, hakuna mwalimu wala mchungaji ambaye angeweza kuniambia kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Saa sita mchana tulikuwa njiani kwenda Columbus sote, tukimwachia Mzee Roy nyama atuhifadhie. Koko alipoingia chumba cha hospitali alimpapasa mwanawe uso, masikio, vidole, mmoja mmoja. Baba mdogo alifungua jicho moja.

"Mama, mumeniletea nini?"

"Nyama."

"Iko wapi?"

"Kwa mzungu."

Alicheka, na kicheko kikamuuma mpaka nesi akaja mbio. Hadi leo anachechemea, na hadi leo anadai paja alilokoseshwa siku ile.

Papa hakunisemesha kuhusu upinde, siku ile wala baadaye. Nilikua nikiamini kwamba anajua, kwamba amenisamehe kwa ule ukimya wa baba zetu, na nilimpenda kwa hilo. Msimu uliofuata alinichukua msituni, na Koko hakufungua mdomo. Baadaye Koko alihamia Columbus kumsaidia Etabo na watoto, mimi nikaja Buffalo kufanya kazi ya kutunza wazee, na maisha yakaenda.

Koko alifariki mwaka jana. Baada ya maziko Papa alikuja kukaa kwangu wiki mbili. Mchana mmoja tulikuwa jikoni, tunachambua lengalenga, ule mchicha wa kwetu, niliyonunua Grant Street, naye alikuwa akimsimulia mtoto wangu habari za Koko. Mtoto alipotoka kwenda kucheza nilisema, nikicheka, jambo ambalo sikuwahi kulisema.

"Papa, ile Jumapili ya kulungu ulinisamehe haraka sana. Mimi ningekuwa weye, ningechapa."

"Nikusamehe nini?"

"Si kuruka upinde."

Aliacha kuchambua, majani yakiwa mkononi. "Weye?"

"Koko si alikuambia? Mule jikoni."

Papa alitikisa kichwa. "Mama aliniambia ni yeye," akasema. "Aliniambia macho yake imezeeka, aliingia kuchukua mchele, akaruka upinde bila kuona. Akasema, mi siwezi kutembea mu pori, donc mpeleke mtoto, atatembea pa nafasi ya miguu yangu."

Nilisukuma bakuli la majani pembeni.

"Nilimkaripia, Faida. Nilimwambia, Etabo akikufa, ni weye umemuua. Mama yangu. Nilimwambia vile."

"Naye akasemaje?"

"Akasema, ni kweli, mwanangu."

Alijifuta macho kwa kiganja chenye mabaki ya majani. Aliniambia pia, kama mtu anayelipa ukweli kwa ukweli, kwamba mwaka ule bega lake la kulia lilikuwa limeharibika kiwandani na hakuweza kuvuta kamba mpaka mwisho, na hakutaka mtu yeyote ajue. Labda upinde haukuwa na kosa lolote. Labda sikuua kitu. Nilimsikiliza, lakini habari ya bega haikunigusa kama ile nyingine.

Kwa miaka mingi, nilipokwisha kuwa mtu mzima mwenye akili za mjini, nilidhani Koko alitunga ile dawa ya kuruka kwa kurudi ili kumtuliza mtoto, kwamba alikuwa mwanamke mwerevu aliyejua mila ni hadithi. Sasa najua sivyo. Koko aliamini kuliko sisi sote. Asubuhi ile mwanawe wa mwisho alikuwa chini ya kisu, na mbele yake alisimama mjukuu anayekiri kwamba ndiye aliyemlaza pale, kwa kusudi, mara tatu. Aliamini kila neno. Na akachagua kwamba wa kulaumiwa awe yeye, na mwanawe mwingine amchukie yeye, kuliko kosa hilo nilibebe mimi.

Njia ya Columbus ni zaidi ya saa tatu. Nakumbuka nililala safari nzima, kichwa pajani mwa Koko. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, ulikuwa ukifa ganzi upesi, na alipaswa kuunyoosha kila baada ya muda mfupi. Siku ile hakuusogeza hata mara moja, nisije nikaamka.