Abiria Waliojua Kuruka

Mwezi uliopita nilirudi Kisangani baada ya miaka kumi na minne, nikapanda pikipiki ya kijana mmoja pale bandarini. Kabla hajaondoka nikajikuta napapasa nyuma yangu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kijana akageuka kuniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta mto wa kukalia, ule wa toleka, wenye nyuzi nyekundu pembeni. Alicheka mpaka pikipiki ikazimika. Yeye toleka hajawahi kupanda, anazisikia tu kwa wazee. Basi nikaona nikae chini nikusimulie wewe, maana kijana yule alikuwa na haraka.

Toleka ni neno la Kilingala, maana yake tupite, na ndilo jina tulilozipa baiskeli za kubeba watu miaka ya vita, petroli ilipokosekana na magari yakageuka mabanda ya kuku. Baba na mama walikuwa wamekwama Kinshasa, upande wa pili wa vita, na njia ya mtoni ilikuwa imefungwa. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi wa miaka tisa, nyanya yangu ambaye kwetu tunamwita Koko, na Tonton, mdogo wake mama. Tonton alikuwa na baiskeli ya kichina na miguu myembamba isiyochoka. Koko aliushona ule mto wa nyuma kwa kitambaa cha kitenge, akaujaza pamba ya msituni. Kazi yangu mimi, kila asubuhi kabla ya shule, ilikuwa kupaka mnyororo mafuta ya mawese, kwa sababu mafuta ya mashine hayakupatikana. Kwa hiyo baiskeli yetu ilinukia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na mbwa wa mtaa mzima waliifuata kwa heshima.

Halafu majeshi mawili ya wageni yakaanza kugombania mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Siku sita. Koko na mimi tulizimaliza chini ya kitanda tukila lituma, ndizi za kupondwa, iliyopoa, yeye akisali rozari kwa sauti ya kushindana na mabomu. Tonton alikuwa barabarani yalipoanza. Alirudi siku ya saba, matope mpaka masikioni, akiisukuma baiskeli. Alisema alikuwa amelala mtaroni. Koko alimchemshia maji ya kuoga.

Mwanzoni tulidhani ni uchovu. Kulikuwa na asubuhi ambazo Tonton aliamka, akavaa kiatu kimoja, akabaki amekaa kitandani na cha pili mkononi mpaka mimi nimerudi shuleni. Siku nyingine alivaa viatu vyote viwili, akaenda kazini, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kila akisikia mlio wa ghafla, Tonton aliruka. Hakuruka kidogo kama wewe na mimi tunavyoshtuka. Aliiacha baiskeli ikiwa mwendoni, akajitupa mtaroni, akalala kifudifudi.

Wa kwanza kupata ajali hiyo alikuwa katekista wetu. Mtu alifunga mlango wa duka kwa nguvu, Tonton akaruka, na katekista akaendelea na safari peke yake. Alikuwa amekaa nyuma kwa adabu zake zote, mikono magotini, akiwaza mafundisho ya Jumapili, na hakujua kwamba hana dereva mpaka alipoingia kwenye meza ya mama wa ndizi. Alikiri baadaye kwamba alihisi upepo umeongezeka usoni, lakini alidhani ni neema.

Wa pili, Mungu anisamehe, alikuwa mwalimu wangu wa mwaka wa nne, naye alikuwa amevaa sketi nyeupe. Mtoto alipasua mfuko wa plastiki uliojaa hewa. Sketi ile haikurudi kuwa nyeupe tena. Tangu siku hiyo mwalimu alinisimamisha kila asubuhi nitaje jedwali la saba, kana kwamba mimi ndiye niliyeruka. Nilimwonea haya Tonton, nasema wazi. Nikimwona anakuja na baiskeli yake nilikuwa najificha nyuma ya mti wa mpapai.

Kituo cha toleka kilikuwa kwenye njia panda karibu na parokia, na kilikuwa na kiongozi wake. Tulimwita Président. Alitawala baiskeli kumi na tisa, alikuwa na filimbi na daftari, na sijaona serikali nyingine iliyochukua kazi yake kwa uzito kama yeye. Alimwita Tonton mbele ya wenzake.

"Bon," alisema. "Client wa tatu akianguka, unatoka mu kituo. C'est fini."

Mtu aliyetolewa kituoni hakuruhusiwa kubeba abiria popote katika mtaa wetu. Kwetu maana yake ilikuwa sahani tupu, lakini Koko hakuogopa sahani. Siku ambazo Tonton hakwenda kazini alilala uso umeelekea ukutani, ukimwita haitikii, chakula kinaingia nzi. Baiskeli ndiyo iliyobaki ya kumtoa kitandani. Koko aliniambia akikanda unga, bila kuniangalia, "Ule, akiacha kazi, hataamuka tena."

Basi Koko akaanza kupigana. Kwanza aliita kikundi cha sala. Kina mama saba walimzunguka Tonton, wakamwekea mikono, na mmoja akaiwekea mikono baiskeli pia kwa usalama. Sala ilikwenda vizuri hadi mama mmoja mwenye sauti kubwa alipopaza "Alleluia!" na kupiga makofi. Tulimkuta Tonton chini ya meza. Baada ya hapo Koko alimpeleka kwa muuguzi wa dispensari, naye akamtazama macho, akamgonga goti, akasema, "Iko na traumatisme, vita imemuingia mu kichwa."

"Na dawa yake?"

"Kupumuzika, Koko."

"Kupumuzika?" Koko alisimama. "Ule iko anapumuzika na kiatu mu mukono tangu asubui!"

Dawa ya tatu aliibuni mwenyewe, na aliiamini kuliko zote. Alimziba Tonton masikio kwa pamba. Kwa nusu siku ilifanya kazi ajabu. Lori lilipiga honi, Tonton akapita akitabasamu. Tatizo ni kwamba abiria wake wa mchana ule, mzee mmoja mnene, papa kama tunavyowaita kwetu, aliyekuwa anakwenda soko kuu, alisema "Simama hapa," na hakuna kilichosimama. Alipiga kelele. Alimpiga Tonton mgongoni, Tonton akadhani anapongezwa, akaongeza mwendo. Walipita soko, walipita posta, na papa yule aliteremka mwishoni kwenye daraja la Tshopo, sauti imemwisha, maporomoko yakinguruma pembeni na yeye hana shughuli yoyote huko. Président alikuna kichwa siku nzima juu ya kesi hiyo. Akaamua kwamba kupelekwa mbali si kuanguka, kwa hiyo haihesabiwi, lakini pamba itolewe.

Sasa nikujulishe kwa Mama wa Makayabu. Alikuwa ametoka Butembo, akiuza kwa jumla makayabu, yaani samaki wa chumvi, na maharagwe, na katika mji mzima hakuna mtu aliyewahi kumpunguzia bei. Hata askari wenye bunduki walimsalimia wao kwanza. Kupanda kwake toleka kulikuwa kazi ya dakika nzima, wawili wakishika baiskeli na mmoja akishika mkoba. Jumamosi moja baiskeli zote zilikuwa zimetoka, kituoni amebaki Tonton peke yake, kwa sababu zinazoeleweka. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na meza ya Koko ya mikate, yale maandazi madogo ya mviringo, kwa hiyo nakusimulia nilichokiona kwa macho yangu.

"Weye ndiye unaangushaka watu?" Mama wa Makayabu aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi sianguke. Twende."

Walizunguka njia panda wakawa wanakuja upande wangu. Pale parokiani watu walikuwa wanashusha mabati kutoka kwenye lori, ya kuezekea upya shule. Kamba ikakatika. Mabati yote yalishuka mara moja juu ya mawe, na mlio wake ulinifunga macho yangu mwenyewe. Nikiwa nimeyafumba niliwaza kitu kimoja tu: ni wa tatu, Tonton amekwisha.

Nilipofumbua, Tonton alikuwa mtaroni kama kawaida. Baiskeli ilikuwa inakuja kwangu polepole, na juu yake hapakuwa na mtu. Nikatafuta abiria barabarani, sikumwona. Nikatazama nyuma zaidi, na hapo nikamwona. Mama wa Makayabu alikuwa mtaroni hatua kumi nyuma ya Tonton, yaani alikuwa ameruka kabla yake. Amelala kifudifudi, miguu pamoja, mikono juu ya shingo, kama mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka. Baiskeli ilifika, ikaegemea meza yangu taratibu, ikaangusha andazi moja.

Président alitokea na filimbi mdomoni na daftari limefunguliwa. "Pole, Mama. Amekuangusha? Ile iko ya tatu."

Mama aliinua uso uliojaa matope. "Nani ameangusha nani? Mi niliruka."

"Lakini Mama…"

"Niliruka mbele yake! Uliza huyu mutoto wa mikate."

Watu wote wakanigeukia. Katika maisha yangu sijawahi kusema ukweli kwa furaha kama siku ile. "Mama aliruka wa kwanza," nikasema.

Président alitazama daftari lake kwa muda mrefu. Kulikuwa na mahali pa kuandika waliochelewa, waliogombana, waliomwangusha abiria. Abiria aliyeruka mwenyewe hakuwa na mahali. Akalifunga.

Tonton bado alikuwa amekaa ndani ya matope. Alimtazama yule mama, kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya zile siku sita. "Mama, uliruka," alisema. "Uliruka!" Mama alidhani anachekwa, akavua kandambili amtupie, halafu akaona kwamba machozi yanamtoka. Akaivaa tena.

"Mi narukaka kila siku mu dépôt yangu," akamwambia kwa sauti ndogo ambayo haikumfaa. "Nafungaka mulango kwanza."

Mchana ule, tukila wali, maharagwe na samaki, Tonton alituambia. Siku ya kwanza ya mabomu alikuwa na abiria, papa mmoja asiyemjua, mwenye kofia. Bomu la kwanza lilipoanguka Tonton aliruka, akamwita na yeye aruke. Akamwita tena na tena. "Hakuruka," alisema. "Alibakia juu ya velo. Nilirudi na velo tu." Koko aliweka kijiko chini. Alichukua kipande chake cha samaki, akakiweka kwenye sahani ya Tonton.

Tangu wiki hiyo Tonton alibadilisha jinsi ya kufanya kazi. Hakumchukua mtu kabla ya kumfundisha. "Nikisema ruka, unaruka kushoto, unafunga kichwa na mikono. Alors, tujaribu." Ungewaona watu wazima wenye mikoba wakifanya mazoezi ya kuruka pale njia panda, na waendesha toleka wengine wakijishika mbavu. Mwanzoni alikuwa Mama wa Makayabu peke yake. Halafu akaja karani mmoja mstaafu aliyekuwa ameacha kutoka nyumbani, halafu muuza mkaa, halafu, uamini usiamini, mwalimu wangu, safari hii na sketi ya rangi ya kahawia. Aliruka vizuri kuliko wote. Jedwali la saba likasahaulika kimyakimya. Ndipo nilipoelewa ni watu wangapi mjini kwetu walikuwa wanafunga mlango kwanza.

Zile asubuhi za kiatu hazikuisha. Mama wa Makayabu alikuwa anakuja mpaka uani kwetu, anakaa kwenye kigoda cha Koko, anakula mikate bila kulipa, na kila baada ya muda anapaza kuelekea dirishani, "Kiatu ya pili!" Siku nyingi Tonton alitoka. Siku nyingine hakutoka, na mama yule mzito alikwenda sokoni kwa miguu, akirudi tena kesho yake bila kumtajia. Président alikubali kwamba siku hizo wenzake wamchukulie abiria, naye awabebee mizigo atakapoamka.

Nilipokuwa msichana wa chuo nilimuuliza Tonton alipona vipi. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu na nilijiona mjuzi. Alikuwa anaziba pancha, hakuinua kichwa. "Kupona? Nani alikuambia nilipona?" alisema. "Nilipata tu clients."

Amefariki sasa, na Koko, na Mama wa Makayabu ambaye jeneza lake lilihitaji watu kumi. Njia panda imejaa pikipiki. Vijana wake ni hodari, wanapita katikati ya kelele zote zile wakiongea kwenye simu, tairi la lori linapasuka na hawageuzi hata shingo. Nafurahi kwa ajili yao, nasema kweli.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikuwa natembea pale, kitu kikalipuka nyuma yangu, labda tairi, sijui. Nilijikuta mtaroni, kushoto, nimefunga kichwa kwa mikono. Kijana mmoja alisimama kuniuliza kama nimeanguka. Nilitaka kumjibu kwamba sikuanguka, niliruka, lakini kwanza niligeuka kutazama kulia na kushoto, nione nani mwingine yuko chini. Nilikuwa peke yangu.