Saumu ya Baba

Baba alikuwa dereva wa lori. Siku moja huko Tezo alimgonga mtoto akamwua. Hakukusudia, lakini alikwenda matangani, akaketi mkekani mbele ya wazazi wa marehemu, kisha akaanza kufunga miezi miwili mfululizo, kama dini inavyomtaka aliyeua kwa makosa.

Bado alikuwa akifunga, nasi tukingoja magharibi nyumbani mtaa wa Barani, redio iliposema kwamba wanamaji wa Marekani walioangusha ndege ya abiria ya Iran, wakaua wote waliokuwamo, hawataadhibiwa. Walidhani ni ndege ya vita. Ni makosa tu, akasema mtangazaji, kama anayetangaza bei ya nazi.

Mama aliizima kwa hasira. "Baba yenu amebaki mifupa kwa mtoto mmoja! Hao watafunga miaka mingapi?"

"Iwashe," baba akasema. "Nataka kusikia kama walikwenda matangani."