Kuichora Sahare Ukutani Schaerbeek

Madaktari wamemkataza baba mdogo Hamza kupanda ndege, na Tanga hajaiona miaka mingi. Akaamua kwamba kama yeye haendi, basi Tanga imfuate Brussels. Mchoraji wa ukoo ni mimi, nikafunga brashi zangu kwenda kumchorea ufuko wetu wa Sahare kwenye ukuta wa sebule.

Uwanja wa ndege nilipokewa na mkewe, Maman Zaina, mzaliwa wa Bujumbura. Njiani kuelekea kwao Schaerbeek, mtaa wa Brussels, alinipa maagizo.

"Bon, mwanangu, chora bahari ya bluu, hein! Ifanane na makochi yangu."

Siku ya kwanza nilichora nikitazama picha za simuni: maji yamejaa, bluu tupu, minazi miwili imeinama kwa adabu. Baba mdogo akatazama, akanywa chai, akatazama tena.

"Asha, hapa ni wapi?"

"Sahare, baba."

"Sahare gani? Hii bahari ya kalenda. Kwani wewe mgeni wa hoteli?"

Kesho yake nikazima simu, nikafumba macho, nikaiuliza miguu yangu inakumbuka nini. Ikajibu upesi: tope vuguvugu. Kwa msomaji wa bara nieleze kidogo: bahari yetu hujaa na kupwa kila siku. Ikipwa, maji husogea mbali sana, pwani ikawa uwanja wa kijivu unaong'aa. Hapo ndipo watoto tulipokuwa tukikimbizana na kaa, na mama zetu wakiokota kome. Basi nikaipaka bluu yote kijivu, nikaongeza mizizi ya mikoko na vidimbwi.

Jioni Maman Zaina akarudi kutoka sokoni.

"Mungu wangu! Bahari iko wapi? Umenichorea matope kwenye salon! Alors, mi nafuta."

Akaenda kweli kuleta ndoo ya rangi nyeupe. Aliporudi, baba mdogo alikuwa ameinuka kochini, amesimama mbele ya ukuta. Aliinama, akakunja suruali hadi magotini.

"Papa, unafanya nini?"

"Navuka kwenda kwenye mikoko. Vua viatu, Zaina, hapo utateleza."

Maman Zaina alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Akavua viatu.

Siku ya kuondoka alinisindikiza, bado ananidai.

"Na bluu yangu?"

"Subiri maji yajae, Maman."

Ukitaka kuchora kwenu ukiwa mbali, jaribu nawe, si vigumu. Macho huchukua picha ambayo mtu yeyote angeichukua. Miguu hukumbuka pale tu ilipokanyaga.