Kaseti ya Chumba cha Picha

Mwaka ule baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye ghala la mazao, na mimi nilikuwa na miezi minne tu katika nyumba ndogo ya makumbusho hapo Songea. Kila asubuhi nikifungua mlango nilijiuliza kama na jina langu limeshaandikwa kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Mkuu wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alinionyesha ngao, mikuki na picha za wakati wa vita vya Majimaji, akaniambia mgeni asiguse chochote, na kikiharibika kitu nisije kwake kujieleza.

Alhamisi moja akaingia mama mmoja mtu mzima kutoka Bombambili, akipapasa njia kwa fimbo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka ugonjwa wa usubi ulipomnyang'anya macho. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba nimtembeze. Nikamsomea maandishi yote yaliyobandikwa ukutani, mbio mbio, nikiogopa fimbo yake isije ikagonga kitu.

"Umesoma vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa niambie kilichopo."

Tulikuwa mbele ya picha ya wanaume waliofungwa minyororo, wakisubiri kunyongwa. Nikasema ni wanaume wamesimama. Akauliza wangapi, wanatazama wapi, mikono yao iko wapi. Nilipita mbele ya picha ile kila siku na kitambaa cha kufutia vumbi, lakini ilibidi nianze kuhesabu. Nilipofika kwa mmoja aliyekuwa pembeni, nikaacha kuhesabu, nikamtazama uso. Mama akaniambia babu yake mzaa mama alinyongwa siku zile, ila hakuna aliyejua kama yumo pichani.

Alhamisi iliyofuata alikuja na redio kaseti aliyonunuliwa na mwanawe, mfanyabiashara wa sokoni. Alitaka tutengeneze kanda, ili asiyeona akija asimtegemee mtu wa kumsomea karatasi. Nilipaswa kumwomba mkuu ruhusa. Sikuomba. Niliogopa jibu, nikajidanganya kwamba tutarekodi kidogo tu.

Tukawa tunarekodi kila Alhamisi mkuu akiwa kwenye vikao. Mimi naeleza, yeye ananisimamisha. Nikisema ngao ni kubwa, anauliza kubwa kama nini, nasema inanifika kifuani, anasema hapo ameiona. Nikisema picha inasikitisha, anakataa: nieleze uso, huzuni ataipata mwenyewe. Muda wote sikio langu moja lilikuwa mlangoni.

Siku ya ngao aliomba aiguse. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikaushika mkono wake, nikauweka juu ya ngozi. Alikuwa bado anaitafuta mishono kwa ncha za vidole mkuu alipoingia.

Mkuu hakufoka. Alimwamkia mama, akauliza tunafanya nini. Mama akamweleza yote, akasema kosa ni lake. Mkuu akaichukua kanda, akaenda nayo ofisini. Siku tatu hakunisemesha. Nyumbani sikuthubutu kumwambia baba, maana mwenye kazi nilikuwa nimebaki mimi peke yangu.

Siku ya nne mkuu akaniita ofisini. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Umesema yule wa pembeni anatabasamu," akasema. "Si kweli."

Akaniambia nimtafute yule mama. Alipofika, tulisimama sote watatu mbele ya picha. Mkuu alisema mdomo ule umevimba, mtu yule alipigwa. Mimi nikasema naona bado ni tabasamu. Tukabishana, yeye akisogea karibu na kioo, mimi nikirudi nyuma. Mama alisubiri mpaka tukachoka.

"Basi semeni yote mawili," akasema. "Semeni hamkubaliani. Mimi nitachagua."

Mkuu akatazama chini, kisha akaniambia nibonyeze kitufe cha kurekodi. Sauti yake imo mpaka leo kwenye kanda ile, nzito, ikinipinga kwa upole.

Miezi miwili baadaye wakaja watu sita wasioona kuisikiliza kanda. Nilisimama nje ya mlango, sikuweza kuingia. Nilihofia nimewadanganya kwa neno fulani na hawatakuwa na namna ya kujua. Kanda iliisha. Mzee mmoja wa Maposeni akaomba irudishwe pale penye ubishi, akasikiliza mara tatu. Kisha akauliza kama kuna mtu anaweza kumwambia wale watu walikuwa wamevaa nini miguuni.

Hatukuwa tumelisema hilo. Nikaingia, nikainama mbele ya picha, nikaanza kutazama.