Meza ya Mzee Kassim Ilivyonivunja Mgongo

Mniwie radhi mkiona maneno yangu yana ukali. Nimepona, namshukuru Mungu, lakini hasira haijaniisha.

Naitwa Aziza, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kazi. Wiki za kuelekea Idi niliinuka kitini kwa swala na chakula tu. Cherehani yangu ya umeme na meza yake nilipewa na mwalimu wangu, Mzee Kassim, siku aliponiruhusu kujitegemea. Kwetu mafundi, meza ya mwalimu haiguswi. Unaipokea pamoja na radhi zake, vilevile ilivyo. Sasa Mzee Kassim ni mfupi, nami nikipita mlangoni nainama. Miaka kumi na miwili nilishona nimejikunja, wala sikuwaza.

Yalianza shingoni. Kila asubuhi ilikakamaa, nikiitwa nageuka mwili mzima. Kisha kiuno. Kisha moto ukashuka toka kwenye tako hadi kisigino. Nikikohoa, machozi yananitoka. Nilifika mahali nikashindwa kuchuchumaa chooni, mume wangu Yusufu akawa ananishika mikono. Mwisho vidole viwili vya mkono wa kulia vikafa ganzi, mkasi ukawa unaniponyoka. Hapo niliogopa, maana bila vidole hivyo mimi si fundi.

Watu waliniambia nini? "Ihangane," yaani vumilia. Jirani, shangazi, wateja, wote ihangane. Nilimwendea Mzee Kassim, akacheka. "Fundi asiyeumwa mgongo bado ni mwanafunzi," alisema. Nikarudi kazini nikijiona mvivu. Mpaka leo nikikumbuka nasaga meno.

Mwisho Yusufu alinipeleka hospitali. Daktari wa kwanza aliitazama picha ya mgongo wangu, mimi hakunitazama. "Hii ni kupasua tu," alisema. Yusufu akamjibu, "Docteur, hata mgongo hujamugusa." Tukaondoka.

Wa pili alinigonga magoti, akapima nguvu za mikono na miguu. "Disiki za shingo na kiuno zinabana mishipa ya fahamu," alisema. "Wengi wanapona bila kisu. Lakini mkojo ukikushinda, ao mguu ukiregea, kuja siku ile ile." Akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye hapa tunamwita kine.

Huyo ni Claudine. Alinifundisha kulala, kuinuka, kunyoosha shingo taratibu, kutembea kila siku hata kama nalia. Baada ya wiki sita nilipata nafuu, nikarudi kushona. Siku ya nne moto ukarudi. Nilimfokea kwamba mazoezi yake ni upuuzi. Alikuja dukani, akasimama mlangoni akiniangalia nashona.

"Mama Aziza, hii meza iko ya nani?"

"Ya mwalimu wangu."

"Na mwalimu iko murefu namna gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono, chini ya bega langu. Claudine akatikisa kichwa. Nilitamani kuipiga teke ile meza, ila mguu haukuweza. Siku hiyo hiyo Yusufu akaweka magogo chini ya miguu ya meza na kunitafutia kiti kirefu.

Kupona kulichukua miezi minne, na mazoezi kila asubuhi. Siku moja niliokota pini sakafuni kwa vidole vyangu viwili, nikakaa pale chini nikilia.

Mzee Kassim alisikia habari za meza, akaja amepinda mgongo, amekasirika. "Umeichezea meza yangu. Heshima iko wapi?"

"Mzee, nyooka unitazame usoni, ndipo tuongee heshima."

Alijaribu. Mgongo ulikataa, akabaki ananiangalia kwa upande. Kisha akasema polepole, "Naumwa miaka mingi, binti yangu. Ningemwambia nani?"

Sasa kila Alhamisi nampeleka kwa Claudine, na njiani namgombeza.

Namshukuru Claudine, namshukuru Yusufu. Nanyi mnaosoma, kabla ya kukubali kisu tafuteni daktari atakayewagusa, na mtazame mnavyokaa kazini. Mtu akiwaambia anaumwa, msimwambie avumilie. Mzee wangu alivumilia, na hivi sasa anamjua mteja kwa viatu vyake.