Barua Niliyomficha Baba

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ilikuwa asubuhi, niko kwenye bomba la maji pale Rugenge nangoja zamu ya ndoo yangu, shefu wa avenyu yetu, yaani msimamizi wa mtaa, akaja na bahasha mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka zisizo na sababu. Akaniita pembeni.

"Weye ndio unasomaka Kifaransa kwenu, si ndiyo?" akaniuliza. "Iko barua ya Leta hapa. Mupelekee mama yako."

Leta ndiyo Serikali, kwetu tunaiita hivyo tangu zamani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza miaka sita ya sekondari, na kiburi changu cha Kifaransa kilikuwa kikubwa kuliko ile ndoo. Nikaifungua bahasha palepale. Nilichoifanyia karatasi ile kilimnyima baba yangu kazi yake, na kikamnyima zaidi ya kazi. Nitakueleza yote, ila usinionee huruma, kwa maana mimi mwenyewe sijionei.

Kwanza nikurudishe nyuma kidogo. Baba alikuwa muuguzi wa Serikali kwenye kituo cha afya huko Bwegera, katikati ya mashamba ya mpunga. Vita ya kwanza ilipoingia bondeni, sisi na mama tulikuwa mjini, yeye alibaki na wagonjwa wake. Watu waliokimbia kutoka huko walituambia wamemwona akianguka kando ya mto Ruzizi wakati wa risasi. Mmoja alisema, wa pili akasema, wa tatu akaapa kabisa. Tulingoja miezi mingi. Mwishowe shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke wa Katogota ambaye sijawahi kuona mtu akimkatalia neno, alisema basi, tulie. Tukamlia baba bila maiti.

Vita ilipotulia, ofisi ya watumishi wa Serikali ikafunguliwa tena. Mama akaandikishwa kama mjane, akaanza kupata malipo ya kila mwezi. Yalikuwa madogo, lakini yalinunua unga na yalilipa shule ya wadogo zangu. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilikwenda naye kila mara, yeye anaweka kidole, mimi naandika jina. Kutoka kwenye malipo hayo tulibana kidogo kidogo mpaka tukapata ya kuondoa kilio. Unajua desturi yetu. Waliolia wote wanaitwa tena, wanakula, wanakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, nguo za msiba zinavuliwa, na kuanzia hapo maisha yanaendelea. Tulikiondoa kilio cha baba kwa heshima, wali ulibaki hata kesho yake.

Miezi miwili baadaye baba akarudi.

Alishuka kwenye boti ya mizigo kutoka Kigoma, akapita njia ya nyuma ya nyumba mchana kweupe, amekonda, na kofia ambayo si yake. Kumbe alianguka kweli kando ya mto, lakini alianguka kwa kujikwaa. Watu wakamvusha, akaishia kambi ya wakimbizi Tanzania, akaugua huko muda mrefu, na barua zake hazikutufikia hata moja. Mama alipomwona alikaa chini kwenye vumbi, akacheka, akalia, akacheka tena. Sijawahi kufurahi namna ile tangu nizaliwe.

Kesho kutwa yake shangazi akafika kutoka Katogota. Alimkumbatia mdogo wake, akamkagua mikono na miguu kama anayenunua mbuzi, halafu akatoa amri.

"Huyu tulimulia, na kilio chake tulikitosha, tulikiondoa," alisema. "Hawezi kutoka tu hivi mu barabara akasalimia bantu. Bale bote balikula kilio, barudi bakule tena, bamuone na macho yao. Pale ndio atakuwa muntu. Mbele ya hapo, abakie ndani."

Baba alikuwa mtu wa sindano na vidonge, hakuwa mwepesi wa kuamini mambo hayo. Lakini dada yake ndiye aliyemlea, akatii, akabaki ndani ya uzio. Na karamu hiyo ya pili ingetoka wapi? Nyumbani hapakuwa na fedha yoyote zaidi ya malipo ya mama ya ujane. Basi tukaendelea kwenda ofisini, mama na mimi, kuweka kidole na sahihi kwamba baba amekufa, ili tupate fedha za kuwatangazia watu kwamba yu hai. Cheka, mwanangu, hata baba mwenyewe alicheka mwezi wa kwanza. Hatukuona kama tunaiba. Tuliona kama tunamaliza jambo lililoanzishwa, tukishamaliza tutakwenda kuwaambia.

Majirani walijua, bila shaka. Mtu anayekohoa hafichiki nyuma ya uzio wa matete. Walikuwa wanamsalimia mama huku wanachungulia juu ya bega lake, na mama anajibu kana kwamba haoni. Ilipita miezi mitatu hivyo, na nani aliyekwenda kusema ofisini sikujua wala sikutaka kujua.

Sasa turudi bombani. Karatasi ilianza kwa jina la mama, halafu ikasema kwamba ofisi imepata habari kuwa marehemu yu hai na malipo yalitolewa bila haki. Chini yake kulikuwa na jumla. Jumla ya kila kitu, tangu mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho. Halafu siku thelathini. Hapo macho yangu yakaingia giza. Tungeuza nyumba, na mabati yake, na sisi wenyewe juu yake, tusingeifikia. Na jina langu lilikuwa kwenye kila daftari pale ofisini, kwa mwandiko wangu mzuri niliosifiwa na masista shuleni. Niliona gereza waziwazi. Nikaikunja karatasi kabla sijafika katikati, nikaisukuma ndani ya kitenge changu, nikajaza ndoo, nikaenda nyumbani.

Mama aliniuliza shefu alikuwa anataka nini.

"Ni ya biro tu, mama," nikamjibu, maana ofisi tunaiita biro. "Banasema malipo ya mwezi huu itachelewa."

Mama akaamini, kwani kwa nini asiamini? Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na woga tu, na woga wangu ulijipa jina zuri. Nilijiambia nawalinda wazazi. Nilijiambia baba ametoka kwenye mateso juzi, nimwache apumue. Karatasi nikaiweka chini ya nguo kwenye sanduku langu, na kila jioni nilikuwa naigusa kwa ncha za vidole kuona kama bado ipo, kana kwamba ingeweza kuondoka yenyewe.

Sikiliza jinsi uongo mdogo ulivyofanya kazi. Kwa kuwa malipo "yamechelewa", karamu ikasogezwa. Kwa kuwa karamu imesogezwa, baba akaendelea kukaa ndani. Mtu pekee ambaye angeweza kwenda ofisini na kumaliza maneno, kwa kuingia tu mlangoni na kusema mimi huyu hapa, nilimfungia ndani mimi mwenyewe.

Siku moja, nadhani ilikuwa ya ishirini tangu barua ije, baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, anamtazama mama akifua koti lake jeupe la kazi. Mama alilifua koti lile kila wiki ingawa lilikuwa halivaliwi. Baba akaniambia bila kugeuka:

"Minye nimechoka kuwa maiti, binti yangu. Kesho nitatoka, shangazi yako akasirike tu. Nitaenda biro, niombe kazi yangu. Unaona namna gani?"

Mwanangu, nilipewa nafasi mkononi. Siku kumi zilikuwa bado zimebaki. Ningesema nenda, baba, na chukua karatasi hii. Badala yake nilimwambia asubiri kidogo, shangazi yuko njiani na mchele, si vizuri kumvunjia heshima. Nilisema kwa sauti ya mtoto mwenye adabu. Akanitazama, akasema, "Sawa, mama," maana alikuwa ananiita mama akifurahi, na akarudi kukaa. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, mengine hata ya kuchekesha. Hilo ndilo ninalolilia.

Shangazi alifika kweli, akiwa na mchele wa Bwegera na beberu mmoja aliyemkopa kwa watu wa kanisa. Waliokula kilio wakaja wote, hata walioalikwa nusu nusu. Baba akatolewa mlangoni ameshikwa mkono na dada yake, akawa wa kwanza kunywa kasiksi, watu wakapiga vigelegele mpaka watoto wa avenyu ya pili wakaja kutazama. Wote walifurahi siku hiyo, na mimi nilikaa jikoni nahesabu siku. Zilikuwa thelathini na saba.

Asubuhi akavaa koti lake jeupe, akaenda ofisini kwa miguu. Alirudi kabla ya saa sita. Hakufoka. Alikaa, akalivua koti, akalikunja vizuri, akaniita.

"Karani ananiambia balinitumia barua. Balinigojea siku makumi tatu. Majina ya batumishi balio hai imeshaenda biro kubwa ya Bukavu, langu halimo. Barua iko wapi?"

Nikaileta. Akaifungua, akaisoma polepole kutoka juu, akapita ile jumla bila kusimama, akafika mahali ambapo mimi sikuwahi kufika. Akaisoma sehemu hiyo kwa sauti, kwa Kifaransa, kisha akaieleza kwa Kiswahili ili mama asikie. Ilisema malipo yaliyotolewa kabla mtumishi hajarudi hayatadaiwa, kwa kuwa familia iliamini amekufa. Ya miezi iliyofuata ndiyo yatarudishwa, nayo yatakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara wake atakaporudishwa kazini. Aje mwenyewe, na mashahidi wawili wa avenyu yake. Basi. Mashahidi wawili! Jana yake tulikuwa nao mia, wanakula wali wetu.

Baba ndiye aliyesema.

"Minye nilikulipia miaka sita ya masomo," akasema, "na shabaha ilikuwa usome papye kama hii mpaka chini. Na hii haikuwa yako. Ilikuwa juu yangu. Juu ya nini haukunionyesha?"

Nilisema niliogopa. Akasema hata yeye angeogopa, lakini tungeogopa watatu. Hakulirudia tena neno hilo mpaka anaondoka duniani, na ningependa kama angenipiga.

Aliuza baiskeli yake akalipa ile miezi mitatu, ingawa kazi hakuipata, kwa sababu alisema fedha hiyo si yetu. Akaandika ombi. Karani, mtu mzuri tu, akamwambia avumilie, litajibiwa. Halafu vita ya pili ikaingia, ofisi ikaporwa, na siku moja nilinunua ndagala, yaani dagaa wa kukaanga, sokoni nikakuta wamefungwa kwenye orodha ya majina ya watumishi. Nilisimama pale nikaisoma yote, hata mistari iliyolowa mafuta, nikimtafuta.

Baba akawa mkulima. Alikodi shamba la mpunga Bwegera, mita chache kutoka kituo alikowahi kufanya kazi, akawa anasimama kwenye maji mpaka magoti, mtu mwenye mikono ya kuzalisha akina mama. Watu walimfuata hukohuko shambani na watoto wenye homa, naye aliwatibu, wakamlipa vikombe vya mchele. Hakuwa mtu mwenye huzuni, nisiseme uongo. Lakini akiona gari la afya linapita barabarani, alikuwa anaacha jembe na kulitazama mpaka lipotee.

Alipokufa, safari hii mikononi mwetu, kitandani, vita vikubwa vilikuwa vimekwisha na Serikali ilikuwa imerudi na madaftari mapya. Nikaenda na mama kuandikisha. Kijana wa ofisini akatafuta, akatafuta, akakuta jina kwenye kitabu kilichotoka Bukavu. Akasema kwa upole, "Mama, huyu alishakufa zamani, mu vita ya kwanza. Hapa siwezi kumuandika tena." Kwa hiyo mama yangu, aliyelipwa ujane wakati mumewe yu hai, hakupata hata senti alipokuwa mjane kweli. Alinishika mkono tukatoka nje. Alisema twende nyumbani, jua ni kali.

Ndiyo hayo, mwanangu. Siku hizi Serikali inalipa kwa simu na kwa benki, na barua za kudai fedha walizozidisha zitakuja vilevile, kwako au kwa mtu unayemsomea. Ikija, kaa chini, uisome mpaka sahihi ya mwisho, na usiposhika maana umtafute anayeshika. Mpe mwenye jina lake siku hiyohiyo, hata kama atalia. Nenda kabla ya tarehe, nenda na mashahidi, uliza ni fedha ipi wanayodai hasa na kama inaweza kulipwa kidogo kidogo, kisha omba waandike walichokuambia. Kama ulikosea, sema ulikosea. Na ukiogopa, usiogope peke yako.

Mungu akujalie nyumba ambayo habari mbaya inaweza kusemwa mezani. Akuhifadhie wazazi wako wakiwa hai, na hai pia kwenye vitabu vya watu. Na kosa langu liishie kwangu, lisikufuate wewe wala watoto wako. Amina.