Kigari Nilichokikata kwa Panga

Nilikuwa na mimba ya miezi saba wifi yangu alipokuja kwetu Maji ya Chai, Jumamosi mchana, na orodha ya vitu vya mtoto kwenye simu. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, ana duka la nguo Arusha mjini, na katika ukoo wao akisema, jambo limeisha. Akakaa kwenye kochi, akaanza kusoma: kitanda cha mtoto chenye chandarua cha urembo, kigari cha kusukuma, kiti cha kubembea chenye muziki, mashine ya kupashia chupa za maziwa.

Mimi nilikuwa nimeandika yangu nyuma ya karatasi ya mtihani wa darasa la pili, ninalofundisha. Kanga sita. Mablanketi mawili mazito, maana ningejifungua mwezi wa saba na baridi ya huku chini ya Meru inajulikana. Soksi, kofia, sweta, beseni, mpira wa kutandika, chupa ya chai. Nikampa aisome.

"Wifi," akasema, "hii ni ya mtoto au ya msichana wa kazi?"

Mume wangu akacheka. Wifi kunicheka ningeweza kuvumilia, lakini yule alikuwa mume wangu, na usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumekaa naye tukakubaliana kuhusu zile kanga. Mwalimu mzima, ninayetuliza watoto themanini kwa sauti moja, nikanyamaza sebuleni kwangu.

Wiki iliyofuata tukaenda mjini, tukaingia duka alilolichagua wifi. Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, akanizungusha katikati ya vitanda vyeupe. Nilipouliza kama wana mablanketi, akanitazama kwa huruma. "Mama, kwani mtoto wako hastahili kitanda kizuri?"

Swali hilo bado linaniuma. Utalijibu vipi mbele ya mume na dada yake? Ukisema hastahili, wewe si mama. Mume wangu akatoa pesa. Tukatoka na kitanda na kigari, na nilipomkumbusha vitu vyangu akasema, "Hivyo ni vidogo, vitapatikana tu."

Havikupatikana. Uchungu ulinianza wiki mbili kabla ya siku zangu, na begi la hospitali alikuwa amelipanga wifi. Nesi wa zamu alilifungua mbele yangu. Akatoa gauni lenye maua ya kitambaa, viatu vyenye utepe, bendi ya kichwa. Akaendelea kupekua mpaka chini.

"Mama, kanga ziko wapi? Na mpira?"

Nililia kwa aibu kabla sijalia kwa uchungu. Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa kutoka huko mbele ya Kisongo, Kiswahili chake cha shida, mtoto wake wa tano. Hakuuliza kitu. Alichomoa kanga mbili kwenye furushi lake, akampa nesi. Mwanangu alipotoka alifutwa na kufungwa kwa kanga ya mtu nisiyemjua, huku lile gauni la maua likiwa limekunjwa pale pembeni. Na mtoto mwenyewe wa kiume.

Nyumbani kile kitanda kilikaa karibu na dirisha, na baridi ilivyokuwa, mtoto alilala kifuani kwangu. Kitanda kikawa pa kuwekea nguo zilizofuliwa. Kigari tulikisukuma mara moja tu, Jumapili, kwenda kanisani. Njia yetu ni mawe na mfereji. Kabla ya kufika barabarani, nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, na mume wangu amekibeba kigari kichwani. Watu walitusalimia kwa adabu. Wala sikuona cha kuchekesha.

Mtoto alipofika miezi minane, wifi akaleta zawadi: kigari cha kujifunzia kutembea, chenye kiti katikati na magurudumu chini. Nikasema hapana. Kliniki walishatukataza, na baraza letu lina ngazi tatu za saruji.

"Usimkatalie dada zawadi yake," mume wangu akasema. "Tutakuwa tunamwangalia."

Siku tatu baadaye nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, mume wangu amebaki na mtoto barazani, na wifi amekuja kusalimia. Nilisikia magurudumu yakikimbia kwenye saruji, halafu kishindo, halafu kimya. Kile kimya siwezi kukieleza. Nilipofika, mtoto alikuwa chini ya ngazi, kigari kimemlalia, paji la uso limepasuka. Mume wangu alikuwa ameshika simu bado. Yeye na wifi walikuwa wanaangalia picha za harusi.

Alishonwa nyuzi tano. Nilimshika mikono mwenyewe akiwa anapiga kelele. Tulipotoka kwa daktari, wifi akaniuliza, "Lakini wifi, na wewe ulikuwa wapi?"

Nilifika nyumbani, nikampa mume wangu mtoto, nikachukua panga la kukatia majani ya ng'ombe. Nilikata kiti cha kile kigari, nikapasua meza yake ya vichezeo, nikapiga magurudumu moja baada ya jingine mpaka mkono ukafa ganzi. Majirani walitoka, wakarudi ndani. Mume wangu alisimama mlangoni, mtoto begani, hakunizuia.

Nilipomaliza akasema, taratibu, "Nilitaka waone naweza."

"Waone akina nani?"

"Nyumbani kwetu. Kaka zangu."

"Kaka zako wamewahi kulala humu ndani?"

Kesho yake alipeleka kitanda na kile kigari cha kusukuma sokoni, bila kuambiwa, akarudi na mablanketi mawili mazito na kanga. Nilivipokea. Sikusema asante, na sijutii.

Wifi hakuonekana miezi minne. Kisha akaja Jumapili moja baada ya ibada, na sukari na maziwa ya mtindi, bila kitu chochote cha mtoto. Mwanangu alikuwa ameshaanza kutembea, kwa kushika ukuta. Akauacha ukuta, akamwendea shangazi yake, akamshika gauni. Wifi akamwinua, akaona kovu, akalipapasa kwa kidole gumba, machozi yakamtoka. Hakusema samahani. Labda kwao halisemwi neno hilo kwa mke wa mdogo wao.

Nikamkaribisha chai. Nikammiminia, nikamsogezea kikombe, nikakaa upande wa pili wa meza. Hasira ilikuwa palepale, na bado ipo.